Bahasha Nne

Kwenye droo yangu, chini ya chaja zilizokufa, kuna bahasha nne ndogo za karatasi, zile ambazo watu wa kemisti hukuhesabia tembe ndani. Kila moja imeandikwa kwa kalamu ya haraka: 2x2, 1x2, 1x3, 1x4. Jina langu halipo, na la ugonjwa pia halipo. Zilikusanyika kwa muda wa miezi minane na zote zilikuwa za kitu kimoja: maambukizi ya njia ya mkojo, ama kwa lugha ya kila mtu, UTI.

Kama hujawahi kuipata, shukuru. Kama umewahi, unajua ile safari ya matatu kutoka Rongai hadi tao, kila tuta likikugonga kibofu. Unashuka kabla ya steji yako, unatafuta choo cha kulipia, unatoa shilingi kumi, na baada ya hayo yote yanatoka matone matatu ya moto. Unarudi barabarani. Kabla hujafika kwa taa, unataka kwenda tena.

Nilianza kuchimba historia ya bahasha hizi kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa mimi nimefanya nini. Nilitaka kujua dawa zenyewe zilikuwa zimefanya nini kabla hazijanifikia.

Ya kwanza ilikuwa Septrin. Jamaa wa kemisti hakuuliza mengi. "UTI?" akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Mbili asubuhi, mbili jioni, na unywe maji mob."

Septrin ni dawa mbili ndani ya tembe moja. Upande mmoja ni salfa, na ukoo wa salfa ulianzia kwenye rangi za kutia nguo. Mwaka 1932, katika maabara za kampuni ya Bayer huko Ujerumani, daktari Gerhard Domagk aliona kwamba rangi moja nyekundu, iliyokuja kuitwa Prontosil, iliwaokoa panya waliokuwa wameambukizwa bakteria wa kuua. Alichapisha matokeo 1935. Mwaka huohuo bintiye alijidunga sindano kwa bahati mbaya, mkono ukaambukizwa vibaya kiasi kwamba kuukata kulianza kuzungumziwa. Domagk akampa ile rangi, na mkono ukapona. Upande wa pili wa tembe, trimethoprimu, ulitoka Marekani kwenye maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, mwanakemia ambaye mwanzoni alinyimwa kazi za maabara kwa kuwa ni mwanamke, na ambaye alipata Tuzo ya Nobel 1988. Bakteria hujitengenezea foleti ndani ya mwili wao. Salfa inaziba hatua moja ya kazi hiyo, trimethoprimu inaziba nyingine. Ni kama polisi kuweka vizuizi viwili kwenye barabara moja. Tembe hiyo ya pamoja ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1968.

Hapa kwetu Septrin ilipata maisha mengine. UKIMWI ulipotuvamia, kabla ARV hazijawafikia watu wengi, tembe hii ya bei ya chini ndiyo iliyopewa wagonjwa kila siku ili nimonia na maradhi mengine yasiwamalize. Iliokoa watu wengi sana. Ila pia ilijipatia jina. Shangazi yangu alipoiona ile bahasha mezani, alichungulia ndani, akaitambua tembe, akanyamaza. Hakuniuliza kitu. Nilikuja kuelewa baadaye: kwake yeye Septrin ni kitu kilichokuwa kando ya kitanda cha ndugu yake, baba yangu mdogo, mwaka wake wa mwisho. Nilitaka kumwambia, shangazi, ni mkojo tu. Nikashindwa, kwa sababu na hilo pia lilikuwa aibu.

Septrin ilinituliza siku nne. Baada ya wiki mbili moto ukarudi.

Nikaenda kemisti nyingine, mtaa mwingine, maana sikutaka yule jamaa wa sauti anione tena. Huko nikapewa cipro. Hii nayo ina ukoo wa kushangaza, na ukoo huo unapita karibu sana na kwetu. Waulize wazazi wako kuhusu klorokwini, ile dawa ya malaria iliyokuwa chungu na iliyowafanya wajikune usiku kucha. Kule Marekani, kwenye kampuni ya Sterling-Winthrop, mkemia George Lesher na wenzake walikuwa wakichunguza mabaki yanayojitokeza wakati wa kutengeneza klorokwini. Humo ndimo walipopata njia ya kufikia asidi ya nalidiksiki, waliyoitangaza 1962, dawa ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kutibu mkojo. Wakemia wengine wakaikarabati miaka iliyofuata hadi, miaka ya themanini, Bayer, ile kampuni ya rangi nyekundu, ikatoa siprofloksasini. Marekani iliiidhinisha 1987. Kwa hiyo bahasha yangu ya pili ni mjukuu wa dawa ya malaria.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni hili: kalsiamu ya maziwa hushikana na siprofloksasini tumboni, na sehemu ya dawa inapita bila kuingia mwilini. Mimi niliimeza kila asubuhi kwa chai ya maziwa na mkate. Siku tano mfululizo! Nani Kenya hii anameza dawa ya asubuhi na kitu kingine? Yaani maagizo muhimu kuliko yote yalikuwa kuhusu chai, na bahasha ilisema 1x2.

Hapo ndipo nilianza kujilaumu kwa dhati. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana, na bwenini tuliamini UTI inatoka kwenye choo. Tulichuchumaa bila kugusa chochote, mapaja yakitetemeka, na msichana aliyeipata tulimwangalia kwa jicho. Ama ni mchafu, ama "ametoka nje." Matroni naye alikuwa na mihadhara yake kuhusu usafi. Lakini mwaka 1885, huko Munich, daktari wa watoto Theodor Escherich alikuwa ameshaeleza juu ya bakteria aliyemkuta kwenye choo kikubwa cha watoto wachanga wenye afya nzuri. Ndiye tunayemwita leo E. coli kwa heshima yake, na ndiye anayesababisha UTI nyingi. Hakai kwenye sinki la choo cha bweni akikuvizia. Anaishi ndani ya utumbo wako, na kwa mwanamke safari yake hadi kibofuni ni fupi mno kwa sababu mrija wenyewe ni mfupi. Tendo la ndoa linaweza kumsukuma, ndiyo, na kuna watu ambao humpata bila hilo. Miaka yote ile tuliyochuchumaa, angalau matroni angetuambia tulikuja naye kutoka nyumbani.

Na anajua kujificha. Mwaka 2003 watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba ndani ya kibofu cha panya E. coli anaweza kuingia kwenye seli za ukuta wenyewe na kujenga humo makundi yaliyoshikana, mahali ambapo dawa na kinga ya mwili hazimfikii vizuri. Nilipoisoma hiyo nilijihisi nimeeleweka na watu ambao hawajui hata kama nipo.

Bahasha ya tatu ilikuwa amoksilini, zile kapsuli za rangi mbili ambazo kila nyumba ya Nairobi ina nne zilizobaki kwenye kabati. Ni mtoto wa penisilini, na historia ya penisilini ina kipande ambacho sikuwahi kufundishwa shuleni. Februari 1941, huko Oxford, polisi aliyeitwa Albert Alexander alikuwa anakufa kwa maambukizi yaliyokuwa yamemla uso na kumtoa jicho. Alikuwa mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa mkali kutibiwa kwa penisilini ya Howard Florey na wenzake. Akaanza kupata nafuu, homa ikashuka, akala. Shida ni kwamba dawa ilikuwa kidogo sana, na kiasi kikubwa chake hutoka mwilini kupitia mkojo. Basi mkojo wake ukakusanywa, ukapelekwa maabara kwa baiskeli, penisilini ikachujwa humo na kurudishwa kwenye mishipa yake. Hata hivyo ikaisha. Ugonjwa ukarudi, na Machi 15 akafariki.

Nilicheka peke yangu kwa kitanda nikisoma hayo, halafu nikanyamaza. Mkojo wa yule polisi uliendeshwa kwa baiskeli kama dhahabu. Wangu ulikuwa umefika mwezi wa sita na hakuna mtu aliyeuomba hata tone.

Watu hupenda kumtaja Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, kwamba alituonya mapema. Ni kweli. Kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 alitoa hadithi ya bwana mmoja anayejinunulia penisilini kwa koo, anakunywa kidogo kuliko inavyotakiwa, anawafundisha bakteria kuihimili, kisha anamwambukiza mkewe, na mke anakufa kwa sababu dawa haifanyi kazi tena. Onyo zuri. Lakini tangu siku hiyo mkosaji kwenye hadithi ni mgonjwa. Daktari hayumo, muuza dawa hayumo, kipimo hakimo, wala bei.

Usugu wenyewe haukungoja mgonjwa mzembe. Ampisilini, ndugu mkubwa wa amoksilini, ilianza kutumika 1961. Mwaka 1965 Naomi Datta wa London na Polyxeni Kontomichalou wa Athens walichapisha habari za E. coli kutoka kwa mgonjwa mmoja wa Ugiriki aliyekuwa na kimeng'enya cha kuivunja, na uwezo huo ulikuwa unahama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, kama simu inayotuma faili kwa jirani. Kimeng'enya kikaitwa TEM, herufi tatu za mwanzo za jina la mgonjwa. Leo TEM iko dunia nzima. Namfikiria sana mtu huyo. Alienda hospitali akiwa mgonjwa kama mimi, na jina lake likabandikwa kwa kitu kilichomshinda.

Kuna mradi wa utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, unaitwa HATUA, uliowafuata hasa watu wa aina yangu. Walipima mikojo ya wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za UTI. Kama mmoja tu kati ya watatu ndiye aliyepatikana na bakteria wa kutosha kuitwa UTI. Kwa waliopatikana nao, usugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja ulikuwa jambo la kawaida, na trimethoprimu, ile nusu ya Septrin, ilikuwa miongoni mwa zilizoshindwa zaidi. Rudi kwanza kwa wale wawili kati ya watatu. Wengine huenda walikuwa na kisonono au klamidia, wengine mawe, wengine kichocho, na wengine walikuwa wamemeza kitu kabla ya kupimwa, ushahidi ukafa. Dukani wote wangepewa bahasha ileile. Utafiti huo pia uliona umaskini ukienda sambamba na kujinunulia dawa na kukatiza dozi, jambo ambalo konda yeyote wa matatu angekuambia bure.

Mwezi wa nane, mgongo ukaanza kuuma upande mmoja na homa ikaja usiku. Rafiki yangu anayesomea uuguzi aliposikia mgongo alinifokea kwa simu. Asubuhi nikaenda hospitali, na kwa mara ya kwanza mtu akanipa kikopo.

Kipimo kinaitwa kalcha. Ni cha zamani kuliko dawa zote kwenye droo yangu. Tangu miaka ya 1880 bakteria huoteshwa juu ya agari, wazo lililoingia maabara ya Robert Koch kupitia Fanny Hesse, aliyekuwa akiitumia jikoni kugandisha jeli zake. Unapaka mkojo, unaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti, unangoja siku mbili tatu, kisha unaangalia ni kidonge gani kimezungukwa na duara tupu. Hata hicho si msahafu. Idadi ya 100,000 kwa mililita, iliyokuwa imechapwa kwenye ripoti yangu, ilitokana na kazi ya Edward Kass wa Boston miaka ya hamsini. Mwaka 1982 watafiti wa Seattle wakaonyesha kwamba wanawake wengi wenye dalili kamili huwa na bakteria wachache sana kuliko hiyo. Mimi nilikuwa nazo zaidi ya hizo. Mbele ya Septrin, herufi R, yaani sugu. Amoksilini, R. Cipro, R. Nitrofurantoini, S.

Mgongo ulihitaji sindano za hospitali kwanza, kwa sababu nitrofurantoini hujaa kwenye mkojo na haifiki kwa figo vya kutosha. Kilichobaki kibofuni ndicho kilichopata bahasha ya nne. Ni dawa ya mwaka 1953, kuukuu kuliko Septrin. Ilisukumwa kando wakati cipro ilipokuwa ndiyo mpango mzima, na inawagonga bakteria sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo hawajaizoea sana. Inamezwa na chakula. Inageuza mkojo rangi ya strungi, na hilo niliambiwa mapema, kwa hivyo sikushtuka.

Wiki iliyofuata shangazi akanipigia. Nilikuwa nimemweleza yote, hata ya Septrin. Akazunguka weee, akauliza kazi, akauliza mvua.

"Mwanangu, hicho kipimo chako kinaitwaje tena?"

"Kalcha, shangazi. Kwani?"

"Mimi nanunua cipro tangu Machi."

Halafu akauliza bei. Nikamwambia elfu mbili. Bahasha moja ni mia mbili, hilo hakuhitaji kuambiwa. Nilisikia redio yake nyuma, taarifa ya saa moja ikianza.