Dola 10,000 za Kubaki Hai

Mwaka 1999, Rais Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, dawa za kupunguza makali zilikuwepo tayari. Shida ilikuwa bei: katika nchi tajiri, karibu dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mama mboga angezitoa wapi? Basi watu wakazidi kuzikwa.

Februari 2001, Cipla, kampuni ya India, ikasema itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huohuo, baada ya wanaharakati na wenye virusi kupiga kelele, Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu. Kufikia 2006 zikawa za bure hospitali za serikali.

Mimi nilipimwa majuzi tu, nikaanzishiwa dawa bila kulipa hata ndururu. Kidonge kimoja kila usiku, dawa tatu ndani. Virusi visipoonekana tena kwenye kipimo, na nikiendelea kumeza, siwezi kumwambukiza mpenzi wangu kitandani. Daktari ananikataza kuruka siku kwa sababu virusi huzoea dawa. Nina sababu nyingine: walioipigania ile sheria wakiwa wagonjwa, wengine hawakufika 2006.