Dubwi, poka ya mashine na mkeka: piga hesabu kabla hujatumbukiza mia mbili

Leo tuweke siasa pembeni tuongelee kitu kinachokula hela za vijana kimya kimya. Sihubiri hapa. Wazee wetu wa Ujiji washasema kamari ni haramu na wana hoja zao, anayewasikiliza anawasikiliza. Mimi nataka tuangalie hesabu tu, maana wengi tunacheza bila kuijua.

Chukua kijana wa Kibirizi au Katonga anayevua dagaa. Anaingia ziwani usiku na taa, asubuhi dagaa wanaanikwa, hela inapatikana. Ukifika mwezi mpevu uvuvi wa taa unasimama, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa wakati ziwa zima lina mwanga. Basi kuna siku kadhaa za kukaa tu na hela ya mwezi uliopita mfukoni. Hapo ndipo dubwi lilipo, nje ya duka, linawakawaka taa na kupiga muziki. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi, pale serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kazi ya usiku. Mtu akikwambia alicheza "kupoteza muda" usimcheke, muda ulikuwa mwingi kweli.

Sasa dubwi lenyewe. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza alama unazotaka, taa inazunguka kwenye matunda, kengele, nyota, na ile BAR ambayo kila mtu anaiota. Watu husimama nyuma wakihesabu: "Imekula sana leo, imeshiba, sasa hivi itatapika." Wadau, hili ndilo kosa namba moja. Mashine haina tumbo la kushiba kwa namna tunavyofikiri. Ndani kuna programu inayoamua taa isimame wapi kabla taa haijamaliza kuzunguka. Mengi ya madubwi haya ya bei rahisi yana swichi ndani ambazo mwenye mashine anapanga irudishe kiasi gani kwa wachezaji. Wewe uliye nje huoni swichi, unaona taa. Na taa ikisimama hatua moja kabla ya BAR moyo unaruka, unasema "nilikaribia". Hukukaribia chochote. Kukosa kwa hatua moja na kukosa kwa hatua kumi kunalipa sawasawa: sifuri. Lakini ile ya hatua moja inakufanya utafute sarafu nyingine, na watengenezaji wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Tuweke namba. Tuseme unacheza shilingi 200 kila mzunguko, mara 6 kwa dakika. Kwa saa moja umezungusha mizunguko 360, yaani shilingi 72,000 zimepita mle ndani, hata kama mfukoni ulikuja na elfu kumi tu, kwa sababu unazirudisha zile unazoshinda. Kama mashine inarudisha asilimia 85 (huu ni mfano wangu, sio kipimo cha mashine fulani), kwa wastani unaacha shilingi 10,800 kwa saa. Ikirudisha asilimia 95 unaacha 3,600. Kwa hiyo kuna vitu viwili vya kuuliza: inarudisha asilimia ngapi, na inazunguka haraka kiasi gani. Watu wengi wanasahau hilo la pili. Ule mchezo wa kindege kwenye simu watengenezaji wake wanatangaza marejesho ya asilimia 97. Nzuri, sivyo? Lakini raundi ni ya sekunde chache. Weka buku mara 100, umeshazungusha laki moja, na wastani wa kuliwa ni 3,000 kabla chai haijapoa.

Hapa ndipo poka ya mashine inapovutia, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Zipo kwenye baadhi ya kasino, na siku hizi zimejaa kwenye simu. Zilianza kuenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, pale kampuni ya Si Redd, ambayo baadaye ilijulikana kama IGT, ilipoanza kuuza mashine yenye karata kwenye skrini. Unapewa karata tano, unashika unazotaka, nyingine zinabadilishwa mara moja, basi. Tofauti kubwa na dubwi ni kwamba kule Nevada kanuni zinataka mashine inayoonyesha karata ifanye kama karata 52 za kweli. Ikiwa hivyo, ukisoma bango la malipo unaweza kupiga hesabu mwenyewe na kujua mashine inarudisha ngapi! Hakuna dubwi litakalokuruhusu hivyo.

Kwenye ule mchezo wa kawaida unaolipa kuanzia jozi ya ghulamu (ile J), angalia mistari miwili ya bango: tatu-na-mbili, na karata tano za alama moja. Kama zinalipa 9 na 6 kwa kila sarafu, mchezaji asiyekosea anarudishiwa asilimia 99.54. Zikilipa 8 na 5 inashuka hadi 97.3. Zikilipa 6 na 5, ni 95 tu. Mashine zinafanana, muziki uleule, karata zilezile, lakini moja inakula karibu mara kumi ya mwenzake. Wanaokaa bila kusoma bango ni wengi mno.

Na hiyo 99.54 ni ya asiyekosea. Makosa yanayojirudia: mtu ana jozi ya ghulamu, ana karata nne za kopa, anaitupa jozi kufukuza kopa ya tano. Shika jozi, tayari inalipa. Mwingine ana jozi ya nane halafu anabakiza ree pembeni "kwa bahati". Ile ree inakupunguzia nafasi ya kupata nane ya tatu, itupe. Halafu kuna ule mkono mkubwa kuliko yote, kumi mpaka ree za alama moja. Kwa mchezaji mzuri unatokea kama mara 1 katika mikono 40,000, na malipo yake peke yake yanabeba karibu asilimia 2 ya marejesho yote. Maana yake usipoupata (na jioni moja hutaupata) unacheza mashine ya asilimia 97 na nusu. Pia malipo yake kamili huja ukiweka sarafu tano tu, ukiweka moja unapunjwa. Kwenye simu nako, kama programu haina mkaguzi unayemjua, usiamini kwamba hizo karata zimechanganywa kihalali.

Haya, twende kwenye mkeka, maana najua nusu yenu mmefungua ukurasa wa mechi pembeni. Tuseme timu mbili zinalingana kabisa, nafasi nusu kwa nusu. Malipo ya haki ni mara 2.00. Kampuni inakupa 1.90. Unasema kitu gani hicho, senti kumi tu. Sasa panga mechi kumi za namna hiyo. Nafasi ya kupatia zote ni 1 katika 1,024. Malipo yako ni 1.90 ikizidishwa mara kumi, ambayo ni kama 613. Kwa buku moja haki yako ilikuwa 1,024,000, unalipwa 613,000, na kodi bado. Kila mechi unayoongeza kwenye mkeka unaongeza na mkato wao. Ndio maana wanashangilia sana mikeka mirefu na kukupa bonasi juu.

Kuna na wale wa kuzidisha mara mbili. "Nikiliwa jero naweka buku, nikiliwa buku naweka mbili, mwisho lazima nishinde." Ukiliwa mara nane mfululizo ushatoa 127,500, na ulikuwa unatafuta faida ya shilingi 500. Kwenye ruleti yenye sifuri moja, ukicheza nyekundu, hilo hutokea kama mara 1 katika kila majaribio 207. Mtu anayefanya hivyo kila siku kuna uwezekano mkubwa hatamaliza mwaka bila kukutana nalo.

Mshkaji mmoja mvuvi aliniambia, "Kaka, mbona na uvuvi ni kamari?" Swali zuri, nilikaa nalo siku mbili. Ndiyo, unaweza kurudi mtupu. Lakini ziwa linatoa samaki ambao hawakuwepo mfukoni mwa mwenzako, na miaka yako ya kusoma upepo na mwezi inakufanya uvue vizuri zaidi. Dubwi halina kipya cha kutoa, linagawa upya sarafu zenu nyinyi mliopanga foleni baada ya mwenye mashine kuchukua zake. Na miaka kumi ya kulicheza haikufundishi chochote.

Kwa sheria, michezo hii ipo chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mashine inatakiwa iwe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hivyo ukiona dogo wa sare za shule amesimama kwenye sanduku asikwambie mtu kwamba ni kawaida.

Anayecheza kwa starehe atenge hela kama ya kuangalia mpira kibandani, yaani hela ambayo imeshaondoka. Na ukishinda kwenye simu, hamisha siku hiyohiyo iende kwenye akaunti yako ya kawaida ya simu. Salio likilala kule kwenye akaunti ya kubeti, asubuhi utaliona kama sio hela.