Mlio mmoja mfupi: historia ya kompyuta inayokataa kuwaka

Najua nimepotea majuma kadhaa, kazi ilinibana. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa cha kompyuta ya mama, pamoja na historia kidogo niliyoikumbuka nikiwa nimepiga magoti sakafuni mbele yake.

Mama aliinunua mwaka 2007, Pentium 4 ya mtumba, na kwa miaka kadhaa ilikuwa fahari ya nyumba yetu. Jumamosi babu, yaani babake mama, alikuwa akija kusimulia maisha yake, na mama akichapa. Babu alifariki mwaka 2012. Mwaka uliofuata kompyuta ikagoma. Taa ya kijani inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi tititi. Fundi mmoja wa mjini aliitazama, akasema madabodi imekufa. Mama akaifunika shuka, akaiweka stoo. Hakuwa na nakala nyingine ya masimulizi yale.

Pasaka iliyopita nilipofika nyumbani akaniambia, "Baba, si wewe ulisomea kompyuta? Hebu zungumza nayo." (Huniita baba kwa sababu nina jina la babu.)

Sasa, neno hilo "zungumza nayo" ndilo kiini cha makala haya.

Zamani ilikuwa hivi. Mwaka 1975 ilitoka kompyuta iliyoitwa Altair 8800. Ukiiwasha haikujua lolote. Haikuwa na kibodi wala skrini, ila safu ya swichi na taa mbele. Mwenyewe ulipandisha na kushusha swichi, tarakimu moja baada ya nyingine, ili kuiingizia programu fupi ya kuifundisha kusoma programu ndefu zaidi. Paul Allen alipopanda ndege kwenda Albuquerque mwaka huo kuonyesha BASIC aliyoitengeneza na Bill Gates, alikumbuka angani kwamba hawakuandika programu hiyo ya kuanzia. Akaiandika humo humo ndegeni! Waingereza na Wamarekani huliita jambo hili kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyako mwenyewe, na ndipo lilipotoka neno "kubuti".

IBM walipotangaza PC yao tarehe 12 Agosti 1981, programu ya kuanzia ilikuwa tayari ndani ya chipu isiyofutika umeme ukikatika. Hiyo ndiyo BIOS. Prosesa ya 8088 ikipata umeme huenda moja kwa moja kwenye anwani FFFF0, baiti 16 kabla ya mwisho wa megabaiti yake moja, na huko inakuta agizo la kuirukisha hadi BIOS. Kabla ya jambo lolote BIOS hujipima: prosesa iko sawa? Chipu yenyewe je? Saa? RAM? Kadi ya skrini?

Hapa ndipo pana utamu. Ukiwa bado hujaipima skrini, utamwambiaje mwenye mashine kwamba kuna tatizo? Huwezi kuandika. Basi wahandisi wakatumia spika ndogo. Mlio mmoja mfupi: mambo ni shwari. Mmoja mrefu na miwili mifupi: kadi ya skrini ina shida. Skrini ikishakuwa hai, zinatokea namba: 201 ni RAM, 301 ni kibodi. Ndiyo asili ya ule mzaha wa miaka mingi wa mashine inayokuambia kibodi haipo, kisha inakutaka ubonyeze F1 ili kuendelea.

Mambo yaliharibika kidogo washindani walipoingia. IBM walikuwa wamechapisha msimbo wote wa BIOS kitabuni, lakini kuunakili lilikuwa kosa kisheria. Compaq mwaka 1982, na baadaye Phoenix, wakatumia ujanja halali: kundi moja lisome na kueleza BIOS inafanya nini, kundi jingine ambalo halijauona msimbo liandike upya. Ndivyo PC zilivyoenea duniani mpaka zikatufikia. Lakini kila mwandishi wa BIOS (AMI, Award, Phoenix) alikuwa na lahaja yake ya milio. Milio mitatu kwa huyu si milio mitatu kwa yule. Kwa hiyo kabla hujahukumu, tafuta kwanza jina la BIOS kwenye chipu au kitabu cha madabodi.

Turudi sebuleni. Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi. Nilianza na kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kando ya prosesa. Mashine za kati ya 1999 na 2007 hivi zilikumbwa na janga la kapasita mbovu. Maji ya kemikali yaliyomo ndani yalichanganywa vibaya, yakawa yanaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni mpaka kikopo kinafura na kupasuka kichwani. Inasimuliwa kwamba chanzo ni fomula iliyoibwa Japani ikiwa nusunusu. Ukiona kichwa kimefura au ugoro wa kahawia umevuja, umempata mwizi wako. Vya mama vilikuwa bapa kabisa. Afadhali.

Nikawasha. Kimya. Hakuna mlio hata mmoja. Nikaanza kuamini kwamba yule fundi alisema kweli.

Ndipo nikauona waya wa spika unaning'inia, haujachomekwa popote. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Aliyeuchomoa ni mimi. Nikiwa na miaka kama kumi na miwili nilikuwa nikiamka usiku kucheza michezo, na ule mlio wa kuwaka ulikuwa unamwamsha mama. Nikaikata ulimi. Miaka minne baadaye ikaugua, ikawa inalia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyesikia. Mimi nimesahau, fundi hakuangalia.

Nikauchomeka, nikawasha tena. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. BIOS ni ya Award, na kwa Award milio mirefu inayojirudia ni RAM.

Nikachomoa waya wa stima, nikagusa chuma cha kasha ili umeme tuli unitoke, nikatoa vipande viwili vya RAM. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia. Nikayasugua taratibu kwa raba ya penseli, nikapangusa, nikarudisha kipande kimoja tu. Nikabonyeza.

Mlio mmoja mfupi.

Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasema, "Hiyo ndiyo sauti yake."

Ililalamika kwamba mipangilio imepotea na saa imerudi nyuma miaka mingi, jambo la kawaida betri ya CR2032 ya volti 3 ikiisha. Kibonye F1, tukaendelea. Mtaalamu ataniuliza kwa nini sikutoa diski nikaisoma kwingine. Ni kweli, ndiyo njia salama zaidi, lakini kifaa cha kuunganishia diski za aina ile nilikiacha Nairobi. Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kabla ya kuweka saa, nilinakili faili zote kwenye flashi mbili. Masimulizi ya babu ni kurasa 41. Yanakatikia katikati ya sentensi, Jumamosi ya mwisho aliyokuja.

Basi, ukiwa na mashine ya zamani imekataa kuwaka, fuata mpangilio wa BIOS yenyewe: umeme, kapasita, RAM kipande kimoja kimoja, kadi ya skrini, kisha diski. Usifungue kamwe kile kisanduku cha umeme, kwani hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Na kabla ya yote, hakikisha spika imechomekwa. Kompyuta nyingi za siku hizi zinauzwa bila spika hiyo, lakini ile ya dukani ya Luthuli Avenue haitakufilisi.

Mimi naenda kuchapa kurasa 41. Mama amesema anakumbuka jinsi sentensi ile ilivyoisha.