Mhunzi Hakuchorwa

Mwaka 1558 Pieter Bruegel alimchora jamaa mmoja wa Ulaya aliyehangaika kugeuza madini duni yawe dhahabu. Chumba kimejaa vyungu na moshi. Mwenye kofia ya kichekesho anavukuta moto, mke anakung'uta mkoba mtupu, watoto wamepanda kabatini, mmoja kavaa chungu kichwani! Dirishani familia hiyohiyo inapokelewa nyumba ya maskini. Bruegel kamcheka jamaa, sawa, lakini kamwachia sura.

Sasa sisi wa Mapera, mkemia wetu wa zamani nani? Nasema mhunzi. Nyanda hizihizi za kusini, kule Ufipa, walijenga malungu, yaani tanuri za udongo ndefu kupita mtu. Matundu ya chini yalivuta upepo yenyewe, bila mivukuto, makaa yakayeyusha mawe. Chuma kilichotoka bado kilikuwa kichafu. Kikarudishwa katika tanuri ndogo, hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Eti hiyo si kemia? Jembe lilipatikana. Dhahabu ya yule jamaa haikupatikana ng'o.

Katika riwaya ninayoiandika mhunzi yumo, sura ya pili. Nimeanza na mikono yake.