Uvegani: Istilahi Inayopimwa kwa Pombe

Neno vegan lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, waliotaka kujitofautisha na watu walioacha nyama huku wakiendelea na maziwa na mayai. Watafsiri wetu wengi huandika "mla mboga", na tafsiri hiyo inapotosha. Mjini Sumbawanga, kama kwingi Tanzania, mboga ni chochote kinachoteremshia ugali: maharage ni mboga, na migebuka iliyopandishwa kutoka Kasanga ni mboga vilevile. Mgeni akimwambia mama ntilie kuwa yeye ni mla mboga, akawekewa samaki, hajakosewa. Wapo waliojaribu kurekebisha kwa kusema "mla mimea". Hiyo ni nafuu, lakini imebakiza kasoro kubwa zaidi, nayo ni kitenzi chenyewe. Istilahi hii haihusu kula tu. Inahusu kutumia, na kipimo kizuri cha kulionyesha hilo ni pombe.

Bia ya kiwandani hutengenezwa kwa shayiri, hopsi, maji na chachu. Chachu ni jamii ya kuvu, si mnyama. Kwa kuangalia viambato peke yake, kila bia ya namna hiyo ingemfaa mla mimea. Lakini tangu zamani watengenezaji wa bia na mvinyo, hasa Uingereza, wamekuwa wakisafisha vinywaji vyao kwa ute mkavu utokanao na vibofu vya hewa vya samaki. Ute huo hushikana na chembe za chachu, ukazama nazo chini, na juu kikabaki kinywaji cheupe kinachong'aa. Vibofu hivyo sisi tunavijua: ni mabondo, yale ya sangara wa Ziwa Victoria ambayo wafanyabiashara huyagombania kuliko minofu. Mvinyo nao huweza kusafishwa kwa ute wa yai au protini ya maziwa, ingawa wapo wanaotumia udongo wa mfinyanzi. Jambo hili si dogo kwa wahusika. Mwaka 2015 Guinness ilitangaza kwamba itaacha kutumia vibofu vya samaki, baada ya kuvitumia kwa miaka mingi.

Sasa tuitazame pombe ya ulezi ya uwanda wa Ufipa. Ulezi huloweshwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea, kisha hupikwa na kuachwa uchachuke. Hakuna anayetafuta weupe. Pombe hunywewa nzito, na machicha yake ni sehemu ya utamu. Kwa kuwa haisafishwi, haihitaji bondo wala yai. Hata shamba lake la asili lina la kutufundisha: katika kilimo cha matuta ya ntumbila, Wafipa hufukia majani yaoze ndani ya tuta, yakawa mbolea ya mazao yanayofuata, mbolea ya mimea isiyotokana na mnyama. Kinywaji hiki cha kijijini kinakidhi sharti ambalo bia ghali huenda isilikidhi. Ila mpishi akitia asali, sharti limevunjika, kwa maana nyuki naye ni mnyama kwa kipimo cha biolojia. Ndiyo sababu siafiki kufasili vegan kwa "mazao ya mifugo": nyuki na sangara hawafugwi zizini.

Mtu atauliza: na ng'ombe anayekokota plau katika shamba hilo la ulezi? Hoja ni nzito, kwa sababu Ufipa ya leo hulima sana kwa maksai. Jibu limo katika fasili inayotumiwa na chama cha wavegani wenyewe, inayosema mtu aepuke kuwatumia wanyama kadiri iwezekanavyo. Ni mwelekeo wa maisha, si usafi kamili. Wengine watasema bondo huzama, na kinachobaki kwenye glasi hakionekani. Kweli, lakini anayekwepa matumizi ya samaki hapimi masalia. Anauliza kama samaki alitumika. Na wapo wanaoona neno hili ni la wageni tu. Hata hivyo Wakatoliki wa Sumbawanga huacha nyama siku za Ijumaa za Kwaresima wakala samaki, na baadhi ya Wasabato huacha nyama na pombe pamoja. Tayari tunaishi na aina tofauti za kujinyima, na kila aina yastahili jina lake lisilochanganywa na jingine.

Kwa hiyo napendekeza tutohoe: mvegani, wavegani, uvegani, kama tulivyotohoa oksijeni na kompyuta, na fasili iwe "mtu asiyetumia mazao yatokanayo na wanyama". "Mla mboga" liachwe kabisa katika kazi hii. Nawaomba wahariri wa kamusi, na wanaoandika menyu za hoteli na lebo za vinywaji, waanze kuandika hivyo.