Kiingereza cha Watoto Visiwani Lamu

Makala hii inahusu michezo, zana na taratibu zinazotumika kuwafundisha Kiingereza watoto wa chekechea na madarasa ya mwanzo katika visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Wengi wao huanza shule wakisema Kiamu, Kipate, Kisiyu au Kitikuu, na si haba ambao wamekwisha kukaa chuoni, yaani madrasani. Kiingereza hukutana nacho darasani. Wa mji wa Lamu (Amu) na Shela hukisikia pia kwa wageni.

Historia

Tume ya elimu ya Ominde (1964) ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi (1976) ikapendekeza madarasa matatu ya mwanzo yatumie lugha ya mazingira ya shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini 2019, umefuata njia hiyo: Kiingereza ni somo tu hadi gredi ya 3, na kuanzia gredi ya 4 ndicho kinachobeba hesabu na sayansi. Muda wa kukichezea ni mfupi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza hadi la tatu, chini ya Radio Language Arts Project. Mtangazaji aliuliza, akanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja. Mbinu hiyo ya werevu haikuhitaji zaidi ya redio moja na mwalimu makini. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulileta kitabu kwa kila mwanafunzi na utaratibu wa hatua tatu: mwalimu atangulie, darasa zima lifuate, kisha mtoto asome peke yake.

Michezo na zana

Mchezo unaogharimu kidogo kuliko yote ni wa amri, uitwao "Simon Says": ruka, keti, shika sikio. Amri isiyotanguliwa na jina la Simon haipaswi kutiiwa, na anayeitii anatoka. James Asher wa Marekani aliijengea nadharia mbinu ya namna hii katika miaka ya 1960, kwamba mtoto aelewe kwa viungo kabla ya kudaiwa kusema. Kwa mtoto mwenye haya ni mbinu bora kuliko kukaririsha.

Chati za karatasi ya manila hunyauka upesi kwa unyevu wa bahari. Gunia lililofumuliwa, likaoshwa na kuandikwa kwa rangi hudumu zaidi. Visoda vyenye herufi hupangwa kuwa maneno, makombe huhesabiwa, na mchanga uliolowa ni ubao usiokwisha. Kona ya duka, yenye makopo na mizani ya vifuu, hufundisha kuuliza bei na kushukuru. Nyoka na ngazi hufaa kwa tarakimu. Picha zifuate mazingira: punda, jahazi, kasa na mkoko huzua mazungumzo ambayo picha ya theluji haiwezi.

Matamshi na kusoma

Aliyepitia chuoni amekwisha kuzoea sauti za herufi za Kiarabu thaa na dhali, hivyo "three" na "this" hazimsumbui. Ugumu uko kwenye konsonanti zilizofuatana, kama katika "street", ambapo hupachika irabu. Mashairi mafupi ya kupigia makofi husaidia. Kwa kuwa msahafu husomwa kutoka kulia, walimu huanza kwa kufuatisha mstari wa Kiingereza kwa kidole kutoka kushoto.

Hali ya sasa

Ngome ya Lamu ina maktaba. Serikali ilianza kugawa tabuleti kwa darasa la kwanza 2016. Vitabu vya visiwani huvuka kwa boti kutoka Mokowe, na safari za Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, hutazamia maji kujaa na kupwa.