Picha za Mawindo na Historia Iliyo Nyuma Yake

Katika vitabu vya zamani vilivyoandikwa na wageni juu ya Afrika ya Mashariki, picha ya namna moja hurudiwa mara kwa mara. Mgeni amevaa kofia pana, ameshika bunduki, naye amesimama kando ya mzoga wa simba, kifaru au ndovu. Pembeni, pengine kivulini au karibu ya ukingo wa picha, wako watu wengine waliokaa kimya. Chini ya picha limeandikwa jina la mgeni na jina la mnyama. Majina ya wale wengine aghalabu hayakuandikwa.

Katika insha hii tunakusudia kuzitazama picha hizo kama hati za historia. Hatusemi kwamba ni za uongo. Simba aliyeonyeshwa aliuawa kweli, na mgeni alikuwapo kweli. Lakini kila hati ina mwandishi wake, naye huchagua la kusema na la kunyamazia. Tutajaribu kuonyesha kwamba picha ya mawindo ilihifadhi nusu tu ya tukio, na kwamba wazee wetu walikuwa na njia yao wenyewe ya kuhifadhi kumbukumbu ya usasi.

Kamera yaingia porini

Miongoni mwa watu wa kwanza kuwapiga picha wanyama wa nchi yetu usiku alikuwa Mjerumani Carl Georg Schillings. Kati ya mwaka 1896 na 1904 alifanya safari kadhaa katika koloni la Kijerumani, hasa katika nyika za Umasai na pande za Kilimanjaro. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1905 kilimpatia sifa kubwa Ulaya, kwa kuwa watu wa huko walikuwa hawajapata kuona simba wa porini akinyatia windo lake gizani.

Picha hizo zilipatikana kwa taabu. Schillings alifunga ng'ombe au punda hai awe chambo, akatega kamera karibu naye, na kuweka unga wa magnesi ambao ukiwashwa hutoa mwanga mkali kwa kitambo kidogo. Mara nyingine mnyama mwenyewe ndiye aliyeivuta kamba na kujipiga picha. Siku zile picha ilinaswa juu ya kioo, na vioo vilikuwa vizito na vyepesi kuvunjika. Porini hapakuwa na barabara wala motokaa. Vioo, dawa za kusafishia picha, mahema, chakula, ngozi na mafuvu ya wanyama, vyote vilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kazi ambayo Wanyamwezi walisifiwa kwayo tangu zama za misafara ya pembe. Hivyo kila kioo kilichofika pwani salama kilikuwa ushahidi wa ustadi wa mtu fulani wa kutembea bila kujikwaa.

Hata hivyo sifa haikugawanywa. Mwaka 1900 mtaalamu wa wanyama huko Ujerumani alimpa fisi mwenye milia wa nchi hii jina la kisayansi lililotokana na Schillings. Hivyo jina la mgeni likabandikwa kwa fisi aliyekuwa akilia karibu na vijiji vyetu tangu enzi na enzi, na majina ya waliobeba mizigo hayakubandikwa popote.

Safari ya mwaka 1909

Mfano wa pili unatoka kwa jirani zetu wa Kenya, nao ni mashuhuri zaidi. Mwezi Aprili mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama Rais wa Marekani mwezi mmoja tu kabla, aliteremka Mombasa pamoja na Kermit, mwanawe, ambaye alikuwa mpiga picha wa safari. Walifuatana na wapagazi zaidi ya 200. Safari ilipokwisha huko Khartoum mwaka 1910, Roosevelt alikuwa ameua wanyama 296 na mwanawe 216, jumla 512. Ngozi na mifupa mingi ilipelekwa kwenye makumbusho ya Washington.

Picha mojawapo ijulikanayo sana yamwonyesha Roosevelt kando ya ndovu aliyelala chini. Atazamaye huona mtu mmoja na ushindi mmoja. Lakini kisa kilichosimuliwa na Roosevelt mwenyewe ni kirefu kuliko picha. Ndovu wake wa kwanza alipatikana katika msitu wa miteremko ya Mlima Kenya. Waliotangulia kuufuata mwendo wa kundi walikuwa Wandorobo, watu wa msitu, waliojua kupima umri wa unyayo na kusikiliza mlio wa tawi. Roosevelt alipokwisha kumwangusha ndovu huyo, dume jingine lilijitokeza ghafula kichakani hatua chache tu kutoka aliposimama, wakati bunduki yake imekwisha risasi. Mwindaji mwenzake, Cunninghame, ndiye aliyelifyatulia risasi likageuka. Kisha ikaja kazi ya kuichuna ngozi nzito, kuitia chumvi na kuibeba.

Tusimwonee mwandishi. Katika kitabu chake Roosevelt aliwataja baadhi ya wabeba bunduki kwa majina, kama vile Juma Yohari aliyefuatana na Kermit. Aliandika pia kwa heshima juu ya vijana wa Kinandi, ambao mbele ya macho yake walimzingira simba kwa ngao na kumwua kwa mikuki. Lakini picha husafiri mbali kuliko maneno. Watu wengi waliiona picha bila ya kukisoma kitabu, na wakaamini kwamba msasi wa Afrika alikuwa mgeni mwenye bunduki, na kwamba mwenyeji alikuwa mbeba mzigo tu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Picha hizo zilifundisha kinyume chake.

Msasi ageuzwa jangili

Fundisho hilo halikuishia kwenye vitabu. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudai leseni ya kuwinda na kutenga mapori ya akiba. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kukubaliana juu ya hifadhi ya wanyama wa Afrika, na miongoni mwa mambo waliyotaka yakomeshwe ni nyavu na mashimo ya kutegea. Hizo zilikuwa zana za mwenyeji. Bunduki ya mwenye leseni iliruhusiwa. Waingereza nao waliendelea na njia hiyo. Mwaka 1922 pori kubwa la kusini lilipewa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani karibu na Beho Beho mwezi Januari 1917.

Hatukatai kwamba wanyama walihitaji kulindwa. Biashara ya pembe ilikuwa imeangamiza ndovu wengi, na Schillings mwenyewe alionya juu ya jambo hilo. Linalotuhusu hapa ni hesabu ya haki. Kitendo kilekile cha kuua mnyama kiliitwa mchezo wa heshima kikitendwa na mmoja, na kikaitwa wizi kikitendwa na mwingine aliyekuwa na njaa au aliyelinda shamba lake.

Kumbukumbu isiyohitaji kioo

Wazee wetu hawakuwa na kamera, lakini hawakuacha usasi wao upotee. Miongoni mwa Wasukuma kulikuwa na chama cha wasasi wa ndovu walioitwa Bayege. Aliyeingia alifundishwa dawa, nyayo, sumu ya mishale na nyimbo. Kulikuwa pia na Banunguli, wawindaji wa nungunungu, waliothubutu kutambaa ndani ya mashimo ya mnyama huyo anayeharibu mazao. Vyama hivyo viligeuza kazi kuwa ngoma. Usasi ulipopungua, ngoma ilibaki, na ndani yake likabaki jina la msasi, tabia ya mnyama na hatari iliyompata mtu.

Tofauti yake na picha ni kubwa. Picha hukamata nukta moja baada ya hatari kwisha. Wimbo husimulia tangu kuondoka nyumbani. Picha humwonyesha mmoja. Wimbo una mwimbishaji na waitikiaji, na kila mwitikiaji ana nafasi yake. Kwa upande mwingine, wimbo hufa asipokuwapo wa kuuimba, na kioo hudumu miaka mia. Kwa hiyo hatuna budi kuvitumia vyote viwili.

Wajibu wa shule

Tangu Uhuru ulipokaribia mambo yalibadilika. Tamko la Arusha la Septemba 1961 lilifanya ulinzi wa wanyama kuwa dhamana ya Watanganyika wenyewe. Uwindaji ulipigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 1973 hata 1978, na Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wengi siku hizi huondoka na picha ya mnyama aliye hai.

Lakini picha za kale zingalipo, na wanafunzi wetu huzikuta katika vitabu. Mwalimu azionyeshapo darasani, yafaa awaulize wanafunzi maswali machache. Nani alipiga picha hii? Nani alimwona mnyama kwanza? Nani alibeba, nani alichuna, nani alikula nyama? Nani hakuandikwa jina? Kisha awatume kwa wazee wa vijiji vyao wakaulize juu ya usasi, waandike nyimbo na majina, na kuandika pia mahali na jina la mzee aliyesimulia. Kazi hiyo isingoje, maana waliowasikia wasasi kwa masikio yao wanazidi kupungua kila mwaka, na nyimbo walizo nazo hazimo katika maktaba yoyote ya Ulaya.